Tulikuwa tunajikinga mvua chini ya ukuta tuliouchimba wenyewe

Wakuu, salamu kutoka Butembo.

Naomba mnisamehe makosa ya kuandika. Niliishia darasa la sita, na kwenye simu kidole changu kinatafuta kila herufi. Huwa nasoma nyuzi zenu na kunyamaza.

Leo nimeshindwa kunyamaza. Jambo lililotokea kazini kwetu bado linanifanya nicheke peke yangu njiani. Nitalisema jinsi lilivyokuwa, bila chumvi.

Mimi ni Kavira, msichana wa miaka ishirini na moja. Nabeba matofali mabichi kutoka kwa wafyatuaji mpaka kwenye tanuru. Kamba kwenye paji la uso, mzigo mgongoni.

Chantier yetu, yaani mahali petu pa kazi, iko chini ya kilima. Wanaume wanachimba udongo kwa chini, wanaingia ndani kama pango, mpaka sehemu ya juu ianguke yenyewe. Hivyo hawajichoshi kuchimba kutoka juu. Bonde lote linafanya hivyo.

Sasa, jua la siku hizi mnalijua. Saa sita mchana unaona nyota. Na mwezi wa saba, ambao ulikuwa mwezi wetu wa kukausha matofali, mvua inashuka bila taarifa.

Donc lile pango likawa nyumba yetu. Jua likichoma, tunapumzika humo. Mvua ikija, tunakimbia kufunika matofali na mabashi, yale maturubai ya plastiki, kisha sote tunajibana pangoni.

Dada yangu Masika, aliyehamia kwetu kutoka Beni, commune ya Ruwenzori, anabeba matofali pamoja nami, na ana mtoto wa miezi mitano. Alikuwa anamlaza ndani kabisa, kwenye ubaridi.

Siku moja nilipanda juu ya kilima kukata majani. Nikaona ufa kwenye nyasi, mrefu, unafuata ukingo juu kabisa ya pango letu. Vidole viwili viliingia.

Nilifikiria yule mtoto tu.

Lakini wakuu, mimi kanisani nikiombwa kusoma najificha nyuma ya wengine. Nitasimamaje mbele ya wanaume na kusema mlima unapasuka? Nikakata kijiti kinachotosha sawasawa upana wa ufa, nikakibana katikati. Ufa ukipanuka, kitaanguka.

Usiku mvua kidogo ikanyesha. Asubuhi kijiti kilikuwa chini.

Nikamwambia Masika. Akanitazama, akatazama jua.

"Mu jua hii nimulaze wapi? Uniambie pahali, nitamutoa."

Hapo nikaelewa kwamba kuogopa peke yake hakusaidii. Lazima pawe na mahali pengine pa kwenda. Nikamfuata Papa Kambale, mwenye chantier.

"Shefu, mulima inafunguka kule juu," nikasema nikiangalia viatu vyake.

"Nani amekuambia?"

"Kijiti."

Watu wakacheka. Muhindo, mfyatuaji mwenye mdomo, akasema: "Leo Kavira amepata bwana. Kijiti inamuongelesha."

Papa Kambale hakucheka. "Mutoto, hii mulima niliianza mbele uzaliwe. Ulikata kijiti fupi, ni vile tu."

Nikamwomba bashi moja tujenge kivuli mahali tambarare, mbali na ukuta.

"Bashi ni ya matofali. Tofali ikilowa, imekufa. Mutu akilowa, anakauka."

Wakacheka tena. Nilitaka kuondoka, mais ulimi ulikuwa umeshaanza safari bila mimi.

"Basi shefu, ukate kijiti yako mwenyewe."

Papa Kambale akachukua panga, akapanda. Akapima, akakata, akakigongea ndani kwa mgongo wa panga.

"Kesho tutaona."

Kesho yake tulipanda wote. Kijiti chake kilikuwa kimelala ndani ya ufa. Alipiga magoti, akaingiza mkono, ukazama mpaka kifundo cha mkono.

Hakuomba msamaha. Alishuka, akavuta bashi kubwa kutoka juu ya matofali kwa mikono yake, akasema: "Masika, toa mutoto mule."

Siku hiyohiyo tulisimamisha miti minne na kufunga bashi. Muhindo alinung'unika kwamba ni mbali.

Siku ya tatu, saa nane mchana, mvua ikaja kama imetumwa. Tukafunika matofali. Kisha nikaona Muhindo anakimbilia pangoni. Si ubishi, ni mazoea. Miguu yake ilijua njia ile tu.

Niliita jina lake. Mimi. Kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Akageuka. Akaja kwetu akiwa amelowa, anatukana mvua.

Hatukukaa sana. Tulisikia mlio kama lori linamwaga mchanga. Tulipotazama, pango halikuwepo. Udongo ulifika mpaka kwenye safu ya kwanza ya matofali.

Tukahesabiana. Wote tulikuwepo, na mtoto alikuwa ananyonya.

Masika alinishika shingo, akacheka huku analia. Muhindo akasema polepole: "Kavira, ule bwana yako umusalimie."

Sasa tunakata udongo kutoka juu, kwa vidato kama ngazi. Kazi inakwenda taratibu, na wengine wanalalamika. Tunaanza mapema, saa sita tunapumzika chini ya bashi. Kila asubuhi napanda kuangalia vijiti, kisha nasema mbele ya wote kama tufanye kazi au tungoje. Bado natamani kujificha, lakini nasema.

Nililojifunza ni hili. Kazi zetu zilipangwa kwa hali ya hewa ambayo haipo tena. Matofali yalikuwa na paa, watu hatukuwa nalo, na hakuna aliyeona ajabu. Na kama unaogopa kuongea, mpe mkubwa wako kitu apime mwenyewe.

Ninyi mnaochimba dhahabu Manguredjipa, ninyi wa mashamba ya Kalunguta, na popote mlipo: mvua ikiwakuta kazini, mnakimbilia wapi? Mmepaangalia kwa juu?

Niandikieni, hata kama ni kunikosoa. Nitajibu kila mmoja, ila mnivumilie, naandika polepole.