Baba Mkwe Aliyeifunika Televisheni kwa Shuka

Assalamu alaykum, wenye ukurasa na wasomaji wenu. Naomba jina langu na mtaa wangu vifichwe. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mkaazi wa upande wa Malindi. Nimesomesha madrasa zaidi ya nusu ya umri wangu, na sasa namwangalizia mpwa wangu nyumba yake karibu na Dabaso, anayowakodisha wanaokuja kupumzika pwani. Sikuzoea kuanika mambo ya nyumbani mbele ya kadamnasi. Naandika kwa kuwa dharau niliyo nayo kwa mtu mmoja imekuwa nzito, hata naingia nayo kwenye sala.

Binti yangu aliolewa Kilifi, katika nyumba ya mtoa mawaidha mwenye jina. Miezi miwili na zaidi iliyopita alipewa talaka moja. Kosa lake? Aliketi alasiri akitazama tamthilia ya mapenzi, wali ukaungua. Baba mkwe wake akawaita watu barazani, akamsomea makosa yake moja moja, akatangaza kwamba mwanamke anayekaa na tamthilia hafai kulea wajukuu zake. Mumewe, mtu mzima mwenye ndevu zake, alikuwapo, akichezea ukingo wa mkeka. Baba yake alipomwambia "tamka", akatamka. Kisha wakamtoa nyumbani siku ile ile, ilhali hata watoto wa darasa langu la kwanza walijua kwamba mke wa talaka rejea hukaa eda, ule muda wa kungoja ambao mume aweza kumrejea, katika nyumba ya mumewe. Hao ndio wenye elimu.

Wiki iliyopita kamati ya maulidi ilikodi nyumba ya mpwa wangu kwa ajili ya mgeni wao. Sikuambiwa jina. Gari liliposimama akashuka baba mkwe yule yule, peke yake, na kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka kama karatasi.

"Kumbe ni kwako hapa, Maalim," akasema.

"Ni kwa mpwa wangu. Karibu."

Akaiona televisheni ukutani. "Astaghfirullah! Hata hapa mmelitundika dude hili?" Akatwaa shuka kitandani, akaifunika mwenyewe, kama afunikaye maiti. Kabla sijatoka akaniita. "Na waifai ipo? Nataka kusikiliza darsa." Nikamwandikia neno la siri.

Alikaa siku tatu. Alipoondoka niliingia na Mama Kadzo, mama wa kijiji cha Ganda anayetusafishia nyumba. Shuka ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kiti. Nyuma ya televisheni palikuwa pamechomekwa kifaa chembamba, urefu wa kidole. Mimi sikukijua. Mama Kadzo alikijua.

"Hiki wageni wanasafiri nacho, Mwalimu. Popote wakichomeka, wanapata mambo yao waliyoyaacha kwao."

Akawasha. Kioo kikauliza ni nani anayetazama, na chini yake jina moja tu: Faqiri.

Hivyo ndivyo bwana yule anavyotia sahihi barua zake, kwamba yeye ni mhitaji mbele ya Mola wake. Barua iliyomfuata binti yangu pamoja na sanduku lake la nguo ilikuwa na sahihi hiyo hiyo.

Mama Kadzo akabonyeza rimoti. Ikajitokeza tamthilia ile ile iliyomtoa binti yangu nyumbani, ikisubiri iendelezwe kutoka sehemu ya sitini na tatu. Mama Kadzo alicheka hata akajishika kiuno. "Uwi! Shehe ametupita sote! Mie niko ya arobaini tu, na kisimu changu hiki. Mwalimu, tumpigie atuambie, yule dada ataolewa au haolewi?"

Sikucheka. Nilimwomba azime na anyamaze, naye akaniahidi. Kisha nikajiuliza kama nimepeleleza aibu ya mtu, kwa kuwa hilo ni haramu na mimi mwenyewe nimelisomesha.

Kesho yake akapiga simu, kwa sauti ile ya mimbari. "Maalim, nimesahau kifaa changu cha darsa. Kifunge vizuri, nitamtuma mtu."

"Nimekiona."

Akakohoa. "Umekiona kwa nje, au kwa ndani?"

"Kwa ndani. Sehemu ya sitini na tatu."

Halafu, bila haya, akaanza kunieleza fadhila za kumsitiri Muislamu. Mlango huo wa elimu hakuuona siku alipomweka binti yangu barazani. Akamalizia kwa sauti ya chini: "Na hayo ya watoto wetu, Maalim, hayajaharibika. Eda haijaisha. Nikimwambia kijana amrejee, atamrejea leo."

Simdharau kwa sababu ya tamthilia. Nimewajua wanywaji wa mnazi walioficha aibu za jirani zao, nikawaheshimu. Namdharau kwa kuvunja nyumba ya mwanawe kwa jambo analosafiri nalo mfukoni. Na huyo mwanawe alimwacha mke kwa ulimi wa baba yake, sasa atarejea kwa ulimi huo huo. Huyo naye ni mume?

Lakini binti yangu anampenda, na siku za eda zilizobaki hazifiki kumi. Mama yake ananiambia, "Kitie mfukoni uende Kilifi, mwanawe akakitazame kwa macho yake." Nachelea kijana atafedheheka, aghadhibike, na eda ipite. Nikinyamaza, nimekubali kufungwa mdomo na mtu kama yule, na binti yangu atarudi chini ya amri yake asijue alirejeshwa kwa nini.

Leo asubuhi aliniuliza, "Baba, hakuna simu iliyotoka Kilifi?" Nikamjibu, "Hakuna, mwanangu." Mimi, niliyewachapa watoto wa watu kwa sababu ya uongo.

Mtu wa baba mkwe yule anakuja kesho baada ya Adhuhuri. Enyi wenye elimu, nanyi mlio na mabinti, nipeni shauri kabla hajabisha hodi: nimpe kifaa ninyamaze, au nimwite kwanza binti yangu nimwonyeshe, aamue mwenyewe?