Walichosikia Watoto wa Mwalimu Kaari

Mwalimu Kaari alizaliwa na hasira za karibu, na katika vijiji vya chini ya Kanyakine hakuna asiyelijua hilo. Alipokuwa mdogo, akianza kurusha vikombe, mama yake alimtoa nje, akamkalisha kando ya mfereji na kumwambia, "Kaa hapo mpaka uniambie maji yanasema nini." Mtoto alikaa amevimba kama andazi. Lakini baada ya muda alianza kusikia: maji yakigonga jiwe, yakichana nyasi, yakinyamaza penye kina. Aliporudi ndani hakukumbuka kikombe kilimkosea nini.

Kwa hiyo alipoajiriwa kufundisha chekechea katika shule ya kijijini kwao, na kukabidhiwa watoto arubaini na mmoja katika chumba cha mabati, alijua la kufanya. Kila asubuhi baada ya uji aliwatoa nje. Siku moja waliwatazama siafu wakihama. Siku nyingine kila mtoto alipewa jani moja la mparachichi, akatakiwa alijue vizuri kiasi cha kulitambua likichanganywa na ya wenzake. Hata kunawa mikono kulikuwa somo: baridi ya maji unaisikia wapi kwanza, kiganjani au katikati ya vidole? Na aliyekasirika alifundishwa kuweka mkono tumboni na kuvuta pumzi tatu ndefu kabla ya kusema lolote.

Somo la kunawa lilikufa mwezi wa Januari, bomba la shule lilipokauka. Mzee Nyamu, mwenyekiti wa mradi wa maji na wa bodi ya shule pia, alitangaza kwamba mto umepungua huko msituni, watu wavumilie. Tangu hapo watoto wa miaka mitano walipanda mlima kila asubuhi na mitungi ya lita tano, wakafika darasani wamelowa na wamechoka. Wawili walishaugua tumbo kwa maji ya bondeni. Kaari aliwatazama wakipanda, akasaga meno.

Jumanne moja ya Machi aliwapeleka kwenye mteremko ulio nyuma ya uwanja, mpakani na shamba la Nyamu. Aliwaambia walale kifudifudi, sikio kwenye nyasi, kisha kila mmoja aseme amesikia nini. Mmoja alisikia moyo wake. Mwingine alisikia pikipiki barabarani. Munyi, mtoto mdogo kuliko wote, hakuinua kichwa.

"Ticha, huku chini kuna maji. Yanakimbia."

"Muongo huyo!" wenzake walimcheka.

"Kujeni msikie basi!"

Kaari alilala chini na sketi yake ya kazi. Maji yalikuwa yanapita, karibu kabisa, yakifoka kama yanavyofoka mahali bomba linapovuja. Aliinua macho. Ng'ambo ya ua, mishiri ya Nyamu, yale maharagwe membamba ya kupelekwa Ulaya, ilikuwa imestawi kijani kibichi katikati ya kiangazi.

Watoto hawafichi jambo. Kufikia jioni kila jiko kijijini lilikuwa na habari, na kesho yake Kaari aliitwa ofisini. Nyamu alikuwa amekalia kiti cha mwalimu mkuu, chai mkononi. Mwalimu mkuu mwenyewe, Bi. Wambeti, alikuwa amesimama kando ya kabati kama mgeni.

"Mwalimu," Nyamu alisema kwa upole, "siku hizi mainjinia wa maji ni watoto wa chekechea?"

"Walisikia, mzee. Hata mimi nilisikia."

"Ulisikia chura. Ijumaa tuna mkutano wa wazazi. Utasimama uwaambie watoto na wazazi wao kwamba ni chura. Na hayo mambo ya kulaza watoto kwenye nyasi yaishe. Mkataba wako unaisha muhula huu, sivyo?"

Kaari alimgeukia Wambeti. Wambeti alikuwa anasoma maandishi ya kalenda ukutani.

Kazi aliitaka, tena sana. Lakini kila alipojaribu kuisema ile sentensi ya chura, alimwona Munyi akiwa amelala kwenye nyasi, mtoto aliyeambiwa asikilize naye akasikiliza kweli. Amwambie masikio yake yamemdanganya? Hasira ilimpanda.

Ijumaa saa nne wazazi walijaa uwanjani. Nyamu alizungumza kwa muda mrefu kuhusu uvumilivu, kisha akampisha Kaari kwa ishara ya kidole.

"Nimeambiwa niwaambieni kwamba watoto wenu walisikia chura," Kaari alisema. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sitasema hivyo. Mahali penyewe ni pale. Nendeni mlale chini, msikilize wenyewe."

"Huu ni mkutano ama sinema?" Nyamu alifoka. "Akina mama, msichafue nguo bure!"

"Nguo yangu nimeifua kwa maji niliyobeba kwa mgongo," alijibu Rwamba, bibi yake Munyi. "Nikitaka kuichafua nitaichafua."

Alitembea polepole hadi mteremkoni, akalala kama alivyoonyeshwa na mjukuu wake. Watu walianza kucheka, kisha wakaacha, maana Rwamba alikuwa amefumba macho. Alipoinuka alijipangusa majani shavuni.

"Nyamu," alisema, bila kumwita mwenyekiti wala mzee. "Mtaro wa mradi tulichimba sisi, kila boma na kipande chake. Changu kilianzia kwa ule mparachichi mpaka kwa jiwe jeupe. Wewe ulikuwa umeshika daftari kivulini. Mtaro ulipita kule juu. Hapa hakuna mtu alichimba. Sasa haya maji yameingia huku na miguu gani?"

"Mama, wewe ni mzee, masikio..."

"Nani ana jembe?"

Majembe ya shule yalikuwa yamefungiwa stoo. Macho yote yakamwendea Bi. Wambeti. Aliukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Kisha akatoa funguo.

Hawakuchimba hata shubiri mbili. Pigo la tatu la jembe lilifunua bomba jeusi jipya, linalotoka upande wa bomba la shule na kuelekea kwenye mishiri, likitiririsha maji kwenye kiungio. Mama mmoja alipiga ukelele. Nyamu alivaa kofia yake, akapita karibu na Kaari.

"Mkataba sahau," alisema chini kwa chini. "Na hutapata shule nyingine hapa."

Kaari alifungua kinywa. Maneno yaliyokuwa yanakuja hayakufaa mbele ya watoto. Ndipo aliposikia sketi ikivutwa.

"Ticha," Munyi alimnong'oneza, "weka mkono kwa tumbo."

Aliweka. Akavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hasira haikwenda popote, ila maneno yale yalibaki kinywani. Aliwakalisha watoto wote arubaini na mmoja kuzunguka lile shimo.

"Tazameni bomba hili vizuri," aliwaambia. "Rangi yake, linakotoka, linakokwenda. Mtaulizwa mliona nini."