Pilipili Manga ya Prachi

Prachi wa duka la viungo, Iringa mjini, hakupendwa, wala hakujisumbua kupendwa. Kilichomponza ni swali. Mwanamke akija kununua vavding, zile punje za Kihindi za kutoa minyoo, Prachi alimuuliza kavukavu mbele za watu, "Una mimba?" Mama yake alimfundisha kwamba mjamzito hapewi, huharibu mimba. Lakini mtaani Kihesa mimba changa haitajwi, hufichwa mpaka ijionyeshe yenyewe. Basi wakamwita mchawi.

Siku hiyo aliingia Sabina wa Kihesa, mdomo mbele, mke wa mwanawe, Faustina, nyuma.

"Kamwene, mama," Prachi alisalimu.

Sabina hakuitikia. "Nipe ile dawa. Huyu kila asubuhi anatapika, tumbo limejaa minyoo."

Prachi akamgeukia binti. "Una mimba?"

"Sina," Faustina alisema, macho sakafuni.

"Mimba ipi?" Sabina akadakia. "Mbili zimeshatoka, ya tatu aitoe wapi? Kama hutaki kuuza sema, sokoni ipo."

Sokoni hawaulizi. Prachi alimwona Faustina amekumbatia tumbo kwa mikono miwili, akakasirika. Angemzaba kofi kwa uongo ule. Badala yake akainama chini ya meza, akachota pilipili manga, ambayo kwa macho ni pacha wa vavding, akaifunga.

"Achemshe, anywe," alisema.

Faustina alipokea kifurushi, akakinusa. Alikuwa akipika tangu utoto, hakuhitaji kuambiwa ni pilipili. Akamtazama Prachi mara moja, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Minyoo haikutoka. Sabina akatafuna punje, akaitema, akaanza kuzunguka mitaa: Mhindi tapeli, anauza pilipili kwa jina la dawa. Wateja wakahamia kwa Juzer, muuza viungo wa ng'ambo ya barabara. Prachi alisubiri Faustina aseme neno, hata kwa jirani mmoja. Hakusema, na hilo lilimuuma Prachi kuliko matusi ya mama mkwe.

Mwaka uliofuata walipita mlangoni, Faustina akiwa na mtoto mgongoni, mnene, mashavu tele. Sabina akanyoosha kidole.

"Ndiye huyo. Angetuulia mtu."

Prachi alisogea kizingitini apate kumwona mtoto. Faustina akaivuta kanga haraka, akamfunika mwanawe uso.