Shahidi wa Mshauri

Miaka ya tisini, mimi na dada yangu tulikuwa na kampuni ndogo ya kuuza mahindi hapo Busia, mpakani. Dada akashikilia kwamba tunahitaji mshauri wa biashara. Akaja bwana mmoja, tai shingoni, maneno matamu kama asali. Mimi maneno matamu hunichemsha damu.

Nikamwambia, "Boss, tuonyeshe hata mtu mmoja uliyemsaidia."

Hakusita. Kesho yake akatupeleka Malaba, kwenye duka la mitumba. Mwenye duka akatupokea kwa kicheko.

"Mama, tangu mzee huyu anishauri, biashara imenoga! Nauza mpaka nachoka."

Dada akanifinya mkono kwa furaha. Mimi nikaanza kutazama mlango.

Ni mfanyabiashara gani wa mpakani humwambia mgeni kwamba biashara ni nzuri? Kwetu hata aliyejaza stoo pomoni atakuambia, "Tunasukuma tu." Anaogopa watu wa ushuru, anaogopa jirani, anaogopa shemeji anayetafuta karo. Huyu hakuogopa mtu. Duka lilikuwa lake kweli? Hata leo siamini.

Tuliporudi Busia, mshauri akasimama mlangoni petu. "Haya, mama, na kwenu biashara ikoje?"

Dada akafungua mdomo. Nikamkanyaga mguu.

"Mbaya kabisa, boss," nikajibu. "Hata pesa ya kumlipa mshauri hatuna."

Nyuma yangu magunia ya mahindi yalikuwa yamegusa mabati.