Baiskeli Mbili na Kiuno cha Wifi

Fundi mwenye adabu hapimi mtu kwa sauti. Anazungusha futi kiunoni, anaangalia namba, anaiandika kwenye daftari na kufunga mdomo wake. Mama Pindo, kama wateja walivyozoea kumwita, alikuwa ameshona nguo miaka ishirini na sita kwa sheria hiyo. Daftari lake lilikuwa na viuno vya mtaa mzima, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutoka humo.

Ndiyo maana alichofanyiwa na wifi yake kilimkata maini. Ndugu wa mume walikuwa wamekutana kupanga harusi ya binti wa huyo wifi, sebule imejaa, na Mama Pindo anawapima wasichana watakaomsindikiza bibi harusi. Wifi akamnyang'anya futi, akamzungushia fundi mwenyewe kiunoni, kisha akasoma kama anatangaza matokeo ya uchaguzi: "Arobaini na sita. Jamani, pisheni kabati lipite."

Watu walicheka wakashika mbavu. Mume wake naye alicheka, ingawa baadaye alidai alikuwa anakohoa. Kuanzia siku hiyo akawa Kabati, kwenye simu, kwenye misiba, hata kwa vitoto vilivyokuwa havijajua kufunga kamba za viatu. Siku ile Mama Pindo alikunja futi yake, akaitia mkobani, na moyoni akala kiapo kwamba harusi ikifika, miezi mitano baadaye, aibu ile itarudi kwa mwenyewe.

Kwanza alitaka kiuno kipungue. Kukimbia barabarani hakuthubutu, maana mtaa wake una wajuzi wa kila jambo, hasa lisilowahusu. Akaamua kununua baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda popote, aikanyage chumbani mlango umefungwa. Mume akamuuliza kwa nini anunue kitu cha kukanyaga na yeye kutwa anakanyaga cherehani. Mama Pindo akamwambia kwamba kwenye cherehani zinafanya kazi nyayo tu, mwili wote uliobaki umekaa.

Dukani zilikuwepo mbili za bei ya mtu wa kawaida, zilizobaki zote zilikuwa za matajiri. Ya kwanza ilikuwa nyekundu, inakunjika, na usoni ina kioo cha kuhesabu dakika na jasho lako lote. Ya pili ilikuwa nyeusi, nzito, imenuna, haina kioo wala urembo. Muuzaji alianza kumwimbia sifa za nyekundu. Mama Pindo alimwacha aimbe, akachuchumaa, akazungusha pedali kwa mkono huku ametega sikio, kama anavyofanya akiletewa cherehani kuukuu. Nyekundu ilisaga ndani kana kwamba imekula mchanga, na kiti chake kilishikwa na pini nyembamba kuliko kidole cha mwisho. Nyeusi ilizunguka kwa mvumo mmoja, na alipoachia mkono gurudumu likaendelea lenyewe kwa muda mrefu. Hapo akawa ameshachagua.

Kabla hajasema, wifi akaingia. Kaka yake, mume wa Mama Pindo, alikuwa amemwambia, maana mdomo wa mwanamume yule hauna breki. Alisimama katikati ya duka, mikono kiunoni, akasema ile nyeusi inamfaa Kabati kwa kuwa inaonekana inabeba mizigo. Muuzaji akacheka kidogo, kwa ajili ya biashara.

Mama Pindo alihisi damu ikimpanda, lakini akakumbuka jambo moja kuhusu mwanamke yule. Tangu Mama Pindo aolewe kwenye familia ile hajawahi kushika kitu kizuri mkononi, wifi asikitake. Basi akaiegemea nyekundu, akaipapasa kile kioo.

"Mimi nimeipenda hii," akasema kwa upole.

Dakika kumi baadaye nyekundu ilikuwa imelipiwa na wifi. Mama Pindo angeweza kumwambia habari za ile sauti na ile pini. Alikaa kimya, na hakujuta hata kidogo.

Wiki hiyohiyo wifi akaleta kitambaa cha gauni la mama wa bibi harusi. Alikataa kupimwa. Aliagiza kiuno cha inchi thelathini na sita, kwa sababu ndicho atakachokuwa nacho siku ya harusi, kwa baiskeli yake ile. Daftari lilisema thelathini na tisa. Miaka yote Mama Pindo alikuwa akimwongezea kimyakimya na kuacha kitambaa cha ziada kwenye mishono, ndipo wifi akawa anajisifu kwamba mwili wake haujabadilika tangu usichana. Safari hii fundi alikata thelathini na sita kavu, bila ziada yoyote, na vipande vilivyobaki akavitunza.

Baiskeli nyekundu ilivunjika kiti wiki ya tatu, ikawa ya kuanikia taulo. Nyeusi ilivuma kila asubuhi. Siku ambazo magoti yalimwambia ashuke, Mama Pindo alikumbuka kile kicheko cha sebuleni, akaongeza kasi.

Asubuhi ya harusi aliitwa chumbani kwa haraka. Mashangazi, binamu, wote waliocheka siku ile walikuwa humo, na katikati yao wifi, mgongo wazi, zipu imegoma. Mama Pindo aliingia na gauni la kijani alilojishonea, kiuno arobaini kamili.

"Wifi yangu, niokoe," wifi akasema. Neno Kabati lilikuwa limempotea.

Mama Pindo akatoa mkobani vile vipande vya kitambaa. Akasema anaweza kuviingiza ubavuni, hautaonekana hata mshono, ila lazima apime. Wifi akasogeza mdomo karibu na sikio lake na kumsihi asome kimya.

Kazi yake yote ilikuwa kusoma kimya. Aliizungusha futi polepole, akainama, akahakikisha. Kisha akasimama wima.

"Arobaini na moja," akasema, kwa sauti ya kufika mlangoni.

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wanatazama viuno viwili na kupiga hesabu. Mama Pindo roho ilimsuuzika. Wifi machozi yalimtoka, yakaburuta wanja mpaka shavuni.

"Umeridhika?" akauliza.

"Bado," Mama Pindo akamjibu, akiishusha futi. "Hatujapima nyonga. Geuka."