Nilipojifunza Kupumua Bila Kuigiza

Nyie vijana wa maigizo mmeniomba niwaeleze yaliyonipata, na mwenzenu mmoja ameniuliza kama ni kweli niliwahi kujikojolea mbele ya watu. Ni kweli. Nimeanza na jibu hilo ili msikae mnalisubiri, mkashindwa kusikia mengine.

Naitwa Mwajuma. Nilizaliwa hapa hapa Mpanda, baba yangu akiwa na duka la vitenge na masufuria karibu na soko. Mama alifariki tukiwa wadogo, nikabaki mimi na mdogo wangu Tatu. Tulipishana miaka miwili. Tatu alimsaidia baba dukani, mimi nikajiunga na kikundi cha maigizo. Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Tulikuwa watu wanane, tukizunguka vijijini na michezo ya kufundisha afya: malaria, kipindupindu, na ukimwi, ambao watu walikuwa bado wanautaja kwa sauti ya chini.

Kiongozi wetu alikuwa mwalimu mstaafu, Bwana Msafiri. Alinipa nafasi ya mama ambaye mtoto wake anaumwa homa, anachelewa kumpeleka hospitali, na asubuhi anamkuta amekufa. Mama yule alikuwa na maneno ya mwisho matatu tu: "Mwanangu, amka twende." Hapo nilikuwa natoa machozi ya kweli, na wanawake waliokaa chini wanalia pamoja nami. Tatu ndiye aliyenisaidia kujifunza maneno. Alishika daftari, akasoma sehemu za mume wangu kwa sauti nene, kisha akacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja.

Masika ya mwaka wa pili tulikwenda Karema, kule ziwani. Mvua ilikata barabara, tukakaa wiki nzima bila habari ya nyumbani. Niliporudi nilimkuta baba amekaa nje ya duka, na mlango umefungwa, siku ya kazi.

Akaniambia, "Kaa kwanza, mwanangu."

Sikukaa. Akasema Tatu alishikwa na malaria, ikapanda kichwani, hakumaliza siku mbili. Walikuwa wamemzika siku nne zilizopita.

Nilikwenda makaburini. Udongo ulikuwa bado mbichi. Nilisimama pale nikangoja machozi, hayakuja. Siku mbili baadaye kulikuwa na onyesho Nsemulwa. Bwana Msafiri aliuliza kama naweza, nikasema naweza. Nikapanda jukwaani, nikalia kama kawaida, watu wakapiga makofi. Baada ya hapo niliendelea hivyo kwa miezi mitatu. Kila wiki nilimlilia mtoto wa kubuni, na mdogo wangu wa tumbo moja sikumlilia hata mara moja. Wakati ule sikuliona hilo. Nilijiona nina nguvu.

Ugonjwa ulinianza Kabungu, mchana, kwenye uwanja wa shule. Nilikuwa nimepiga magoti karibu na kanga tuliyoikunja ionekane kama mtoto. Ghafla vidole vilianza kufa ganzi. Mdomo ukakauka mpaka ulimi ukagandana na meno. Moyo ulikwenda mbio, nausikia masikioni, na kifua kikabana kama nimefungwa kamba. Nilivuta hewa, haikufika popote. Nikajua ninakufa. Sisemi niliogopa kufa. Nilijua kabisa kwamba ninakufa, pale pale, mbele ya watu. Kisha nikahisi joto linashuka mapajani.

Watu walicheka kidogo, wakidhani ni sehemu ya mchezo. Halafu wakanyamaza. Mwenzetu Selemani, aliyekuwa akiigiza mume wangu, alivua shati lake akanifunga kiunoni, akaniongoza hadi nyuma ya darasa. Selemani hakuwahi kulizungumza jambo hilo tena, na kwa hilo namshukuru hadi leo.

Tangu siku hiyo hali ile ikawa inarudi. Kwanza nikiwa jukwaani tu, baadaye hata sokoni, hata nikiwa najifunga kanga asubuhi. Chakula hakikushuka. Nilikuwa naharisha kila tulipokaribia siku ya onyesho. Nilikonda, mashavu yakaingia ndani, na majirani wakaanza kunitazama kwa jicho ambalo watu wa miaka ile wanalijua. Shangazi alimwambia baba nimerogwa na wenzangu wa kikundi. Nikaacha maigizo. Nikaacha pia kutoka nje.

Baba alinipeleka hospitali. Walipima damu, wakapima presha, daktari akasikiliza moyo wangu mbele na nyuma. Alikuwa kijana, mpole, ana uchovu machoni. Majibu yalipotoka alituita sisi wawili.

"Damu yake safi," alimwambia baba. "Moyo wake mzima kabisa."

"Mbona basi nakufa?" nikamuuliza.

Hakucheka. Alisema, "Hufi. Mwili wako unamkimbia simba ambaye hayupo. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, tumbo linafunguka, hayo yote ni ya mtu anayekimbia. Huo ni ugonjwa wa hofu, na unatesa kweli. Sina kidonge cha kukupa leo. Lakini nenda wodi ya wazazi, muulize nesi Kalunde. Yeye anajua kukaa na watu wanaoogopa."

Nesi Kalunde alikuwa Msukuma, mwanamke mnene, mfupi, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe zao. Alikuwa mkunga kwa miaka mingi. Alinisikiliza akiwa anakunja vitambaa, kisha akanipeleka kwenye benchi nyuma ya wodi. Dirishani tulikuwa tunamsikia mama mmoja akihema kwa uchungu.

"Vua ndala," aliniambia. "Weka miguu chini. Funga macho kama unataka."

"Halafu nifanye nini?"

"Usifanye kitu. Pumzi itaingia, itatoka. Wewe ijue tu inapoingia, uijue inapotoka."

Nikakaa. Nikanyoosha mgongo, nikalegeza mabega, nikavuta pumzi ndefu, nikaiachia taratibu. Nilifanya vizuri sana. Baada ya muda nikamsikia anaguna.

"Unaniigizia," akasema.

Nikafungua macho.

"Mwanangu, nimezalisha wanawake wengi. Namjua anayepumua na anayeonyesha kwamba anapumua. Uso wako umetulia, lakini vidole vya miguu umevikunja kama kuku aliyeshika mti."

Nikatazama chini. Ni kweli vilikuwa vimekunjika. Nilicheka, na kilikuwa kicheko changu cha kwanza kwa miezi mingi.

Nawaambia nyie waigizaji: hapo ndipo ugumu wetu ulipo. Sisi tumezoea kutazamwa. Hata tukiwa peke yetu tunajitazama wenyewe, tunajiuliza tunaonekanaje. Siku nyingi nilikuwa nikikaa kwenye benchi lile nikimwigiza mwanamke aliyetulia. Nesi Kalunde hakukasirika. Alisema, "Ukijiona unaigiza, vizuri, umeshajua. Rudi kwenye pumzi." Na akili ilipokwenda mbali, kwenye simba wangu asiyekuwepo, alisema niirudishe kama ndama aliyetoroka. Ndama harudishwi kwa fimbo. Unakwenda, unamshika shingoni, mnarudi wote polepole.

Nilikwenda kila alasiri alipokuwa na zamu ya mchana. Dakika chache tu, maana aliitwa mara kwa mara. Nyumbani nilikaa peke yangu asubuhi, uani. Baba alinitazama kwa siku kadhaa, kisha akaniuliza, "Hiyo ni dini gani, Mwajuma?"

"Siyo dini, baba. Ni kupumua tu."

Akafikiri. "Haya. Kama ni kupumua, pumua. Lakini usiache kuswali."

Kwa wiki mbili sikuona mabadiliko makubwa, ila nilianza kula. Ganzi ilipokuja vidoleni niliitambua mapema, nikajisemea kimoyomoyo, hii ni ganzi. Kifua kilipobana, hiki ni kifua. Sikukifukuza. Nikaona kwamba hali ile inapanda, inafika juu, kisha inashuka yenyewe. Nesi aliniambia ndivyo alivyowafundisha wanawake pale ndani: uchungu ukija usiukimbie, una kilele chake, na baada ya kilele kuna nafasi ya kupumzika.

Halafu siku moja, kwenye benchi, akili yangu ilikwenda kwa Tatu. Nilimwona na daftari mkononi. Nikaanza kuinuka.

"Unakwenda wapi?" aliuliza nesi.

"Nimechoka leo."

"Kaa kidogo. Kuna kitu kimekuja. Kiko wapi mwilini?"

"Kooni."

"Kikoje?"

"Kama tonge la ugali lisiloshuka."

"Kaa nalo. Usilimeze, usiliteme."

Nilikaa nalo. Sijui ulikuwa muda gani. Kwanza likawa kubwa, nikadhani nitakabwa. Kisha sauti ikatoka ambayo sikuwahi kuitoa jukwaani. Haikuwa nzuri hata kidogo. Ilikuwa kama ya mnyama. Kamasi zilitoka, mate yalitoka, mbavu ziliuma. Nililia mpaka mbele ya gauni kukalowa. Watu wetu wakimwona mtu analia husema nyamaza, nyamaza. Yeye hakusema. Aliweka kiganja mgongoni kwangu na kukiacha hapo.

Nilipoweza kusema nilimuuliza kwa nini hakuninyamazisha.

"Anayezaa hanyamazishwi," alisema. Akainuka, akaniletea maji kwenye kikombe cha bati, akarudi kazini.

Siku ile nilikwenda nyumbani nikamkuta baba anafunga duka. Nikamwambia, "Baba, nimemlilia Tatu." Baba alikaa kwenye kreti. Alifuta uso kwa kofia yake, na sisi wawili tukalia pale kati ya masufuria, mlango umefungwa nusu. Tangu msiba hatukuwahi kulia pamoja. Kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake.

Bwana Msafiri alikuja kunitazama wiki iliyofuata. Alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikunywa chai yote kabla ya kusema.

"Mimi ndiye niliyekuuliza kama unaweza," alisema mwishoni. "Na nilijua mdogo wako hajatimiza hata wiki kaburini. Mtu haulizwi swali kama lile. Nisamehe."

Nilimwambia na mimi nilijibu naweza, kwa hiyo tulikosea wote. Akaniambia nafasi ya mama amepewa mwingine kwa muda, na nikitaka kurudi nirudi, nisipotaka nisirudi. Nikamwambia nitarudi, ila nina ombi. Kabla ya onyesho tukae wote kimya, miguu chini, bila kuonyeshana chochote.

Mara ya kwanza walicheka. Mmoja akasema tutaonekana tunafanya uganga. Lakini Selemani alivua viatu, akakaa, na wengine wakamfuata.

Nilirudi jukwaani Ugalla, asubuhi, mbele ya watu wa kijiji na wafuga nyuki waliotoka porini. Sitawadanganya kwamba hofu haikuja. Ilikuja mapema, wakati Selemani bado anasema maneno yake. Vidole vikaanza. Nikahisi nyayo zangu kwenye mchanga wa moto. Nikasikia pumzi inaingia, inatoka. Na kwa sababu sikuwa nakimbia, nilimsikia Selemani. Nilikuwa nimecheza naye zaidi ya mwaka, na nadhani siku ile ndiyo niliyomsikia kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. Mume yule naye alikuwa amefiwa na mtoto, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nangoja tu amalize ili nilie.

Nikamshika mkono. Hatukuwa tumepanga. Nikasema maneno yangu polepole, bila kusukuma machozi. Machozi hayakuja kwangu. Yalikuja kwa watu.

Tulipomaliza, mama mmoja mtu mzima alinifuata nilipokuwa nakunja kanga. Akanishika kiganja kwa mikono yake miwili.

"Umefiwa na nani?" akauliza.

"Na mdogo wangu. Anaitwa Tatu."

"Pole, mwanangu," akasema. "Mimi wangu alikuwa Nyamizi." Akasimama hapo na mkono wangu, na mimi sikutaka auachie.

Vijana wangu, sijapona kama anavyopona mtu wa jipu. Hali ile bado hunijia mara moja moja, hasa masika. Ila naijua, nayo haiendeshi tena maisha yangu. Ninachowaomba ni hiki. Ukipata mabadiliko mwilini, nenda hospitali kwanza upimwe, usisikilize majirani. Ukiambiwa moyo ni mzima, usione aibu, maana hofu nayo ni ugonjwa, inawapata wenye nguvu. Usichukue msiba wako kwenda kuulilia jukwaani. Uulilie nyumbani, na watu wako. Na kabla hujapanda kuwa mtu mwingine, kaa kidogo uwe wewe. Pumua tu. Ukijikuta unaigiza kupumua, cheka, uanze tena.

Namshukuru Mungu, namshukuru baba yangu, Selemani, na yule daktari aliyekubali kusema hana kidonge. Baada ya Ugalla nilikwenda wodi ya wazazi kumshukuru nesi Kalunde. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, njia nzima nayarudia. Nilipoanza tu kuyasema, kutoka ndani sauti ikaita, nesi, nesi. Akanishika shavu kwa mkono uliokuwa bado na sabuni.

"Nimekusikia," alisema. "Nenda salama. Kuna mtu anakuja huku duniani, naye lazima akute nimefika."

Akaingia ndani, na mimi nikabaki nje ya mlango na maneno yangu yote, nikipumua, mpaka mtoto akalia.