Bwana yangu alikufa akitoka kufundisha bamwalimu, sasa bananiita mimi

Admin, tafazali ficha jina yangu, juu familia ya bwana yangu inasomaka hii page.

Niko mwanamuke wa miaka makumi tatu na ine, mwalimu wa primaire hapa Butembo, mujane. Niko na mutoto mumoja, binti. Nitamuita Masika. Akiwa mudogo sana alishikwa na homa kali, akapona, lakini masikio ikafunga. Hasikie kitu.

Wakati ya kuanza masomo ilifika, tukamupeleka. Bakamukalisha kwa banc ya nyuma ya darasa, peke yake. Maîtresse, mwalimu wake, alikuwa anafundisha akiangalia tableau yenye anaandikia, batoto anabapa mugongo, Masika haone hata midomo yake. Mwisho wa mwaka ule maîtresse akaniambia: "Mama, huyu abaki nyumbani akusaidie kazi. Hapa anapoteza tu wakati."

Bwana yangu, mwalimu pia, alilia ile siku. Kisha akasema: "Ule maîtresse hapana mubaya. Ni kwamba hakuna mwenye alimufundisha." Akatafuta formation ya kufundisha batoto kama Masika, akajifunza, akaanza kufundisha bamwalimu wenzake namna ya kutayarisha leçon yenye kila mutoto anaweza kufuata. Tulikuwa tunatayarisha pamoja kwa meza ya chakula. Kwa hesabu ya kugawanya, tunatumia maharagi, ili hata mutoto mwenye haone aguse. Masika ndiye alikuwa anatupima: kama hakuelewa, tunaanza upya. Ile furaha sijaiona tena.

Beni, Mutwanga, alifika kote kufundisha. Kisha Kamango bakamuita. Nilimuambia: "Barabara hapana nzuri, ngoja kwanza." Akajibu: "Tangu tuzaliwe vita haijaisha. Batoto bangoje mupaka lini?"

Akafundisha juma ya kwanza. Siku ya posho, kazi ya juma ikiisha, akapanda moto, pikipiki ya kukodi, arudi kutuona. Baasi balitoka mu pori, bakamuua yeye na motard mwenye alikuwa anamuendesha.

Kwa kilio, Masika alisogea karibu na sanduku. Alikuwa amezoea kuweka mukono kwa koo ya baba yake wakati anasema, ili sauti aisikie kwa vidole. Akaweka mukono. Akangoja. Akaniangalia. Akaweka mukono ule mwingine. Batu balitoka inje kulia. Lakini mimi sikuwa na alama ya mikono ya kumuelezea kifo. Hatukuwa tumemufundisha hiyo.

Sasa directeur, mukubwa wa shule ya Kamango, amenipigia: "Mama, bamwalimu banaomba uje umalize. Tuko na batoto bawili habasikie, balikuwa balishaanza kuandika. Bamwalimu habajue ile inafuata, na hapa hakuna mwingine mwenye anajua."

Nilimuambia mama mukwe. Alikaa chini, akashika kichwa. "Mimi nilishazika mutoto wangu kwa ile njia. Ukienda nawe, nani atasema na Masika?"

Ni kweli. Mu hii nyumba, ni mimi tu mwenye ninaelewa mikono yake. Nikifa, atabaki mu kimya kabisa. Lakini nikikataa, bale batoto bawili batarudishwa banc ya nyuma, na kazi ya bwana yangu itakufa mara ya pili, na mimi ndiye nitakuwa nimeizika.

Directeur anangoja jibu. Mama mukwe analia tu tangu juzi. Bandugu, munisaidie na mawazo yenu. Mungekuwa mu nafasi yangu, mungepanda ile moto ao mungebaki na mutoto wenu?